Amonia Ikipanda, Ubongo Ukivimba: Namna ya Kumhudumia Mgonjwa Mahututi Hatua kwa Hatua

Mgonjwa amelazwa tangu jana. Sukari yake iko sawa, picha ya CT ya kichwa haionyeshi damu, mkojo unatoka. Hata hivyo fahamu zinamtoka saa kwa saa, na anapumua upesi upesi kama mtu aliyetoka kukimbia. Wodi nzima inasema ni maambukizi, antibiotiki zinaongezwa, watu wanasubiri. Alfajiri mboni moja ya jicho imepanuka. Hapo ndipo mtu anauliza: hivi amonia ilipimwa?

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, matabibu na madaktari wanaokesha na wagonjwa mahututi, pamoja na wale wanaompokea mgonjwa wa namna hiyo kabla ya kumpa rufaa. Dozi zilizomo ni za watu wazima, isipokuwa pale nilipotaja watoto. Zilinganishe na utaratibu wa hospitali yako, na mfamasia azipitie kabla hujachoma sindano.

Jambo moja likae kichwani tangu sasa: hatari ya amonia iko kwenye kasi yake kuliko kwenye ukubwa wa namba. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Kabla ya hatua zenyewe: amonia inaingiaje kichwani?

Amonia ni taka ya kawaida ya mwili. Protini inapovunjwa, bakteria wa utumbo mpana na kuta za utumbo zenyewe hutoa amonia, nayo husafiri na damu kwenda kwenye ini. Ini huigeuza kuwa yurea, figo zikaitoa kwa mkojo. Mzunguko huo wa yurea ulielezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit mwaka 1932, lakini madhara ya kuuruka yalishaonekana zamani. Mwaka 1893 Ivan Pavlov na wenzake kule Urusi waliwafanyia mbwa upasuaji uliofanya damu ya utumbo ipite pembeni ya ini. Mbwa waliolishwa nyama walibadilika tabia, wakayumba, wakatukutika kwa degedege na kuzimia. Somo hilo hilo hujirudia wodini mgonjwa wa ini anapovuja damu tumboni kisha akaanza kuweweseka: lita 1 ya damu ina takriban gramu 200 za protini, na zote zimemwagikia utumboni.

Ubongo hauna mzunguko wa yurea. Seli zake zenye umbo la nyota, ziitwazo astrosaiti, huikamata amonia na kuifungia ndani ya glutamini. Ni njia nzuri ya kujikinga mpaka glutamini inaporundikana, kwa sababu huvuta maji na seli zikavimba. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Ndani yake kuna ubongo, damu na maji ya ubongo, na kimoja kikiongezeka vingine lazima vipungue. Nafasi ikiisha, shinikizo hupanda ghafla.

Uvimbe ukija polepole, kama kwa mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) ya miaka mingi, astrosaiti hupata muda wa kutoa nje chembechembe nyingine zinazovuta maji, zikajipatia nafasi. Ndiyo maana mgonjwa wa sirosisi anaweza kukaa kitandani akizungumza nawe huku amonia yake ni maikromoli 120 kwa lita, na kijana ambaye ini lake limeharibika ndani ya siku nne akawa mahututi kwa namba ambayo haijaizidi hiyo kwa mengi.

Hatua ya 1: Ishuku mapema

Pima amonia kwa kila mgonjwa aliyepoteza fahamu bila sababu inayoeleweka. Usiwapime wenye macho ya manjano tu. Kosa kubwa ninaloliona ni kudhani kwamba ini likiwa zima amonia haiwezi kupanda. Inapanda, tena vibaya, kwa mgonjwa anayetumia dawa ya kifafa ya valproeti (hata kipimo cha dawa hiyo kwenye damu kikiwa cha kawaida), kwa mwenye maambukizi ya bakteria wanaovunja yurea kama Proteus, Klebsiella na Ureaplasma, hasa aliyepandikizwa mapafu, kwa anayetibiwa saratani kwa fluorourasili au asparajinesi, kwa mwenye saratani ya uboho iitwayo mayeloma, na kwa aliyezaliwa na hitilafu ya mzunguko wa yurea.

Hitilafu hiyo ya mwisho watu huihesabu kuwa ya watoto wachanga. Iliyo ya kawaida zaidi ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho OTC, nao hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Mwanamke mwenye hali hiyo anaweza kuishi bila kujua mpaka siku mwili wake unapobanwa: baada ya kujifungua, baada ya kufunga kwa muda mrefu, baada ya upasuaji au akipewa steroidi. Ukimuuliza vizuri, atakwambia hajawahi kupenda nyama tangu utotoni.

Kuna dalili mbili za maabara ambazo ni bei rahisi na hupuuzwa. Ya kwanza iko kwenye gesi za damu. Amonia huchochea kituo cha kupumua kwenye ubongo, hivyo kabonidioksidi hushuka na damu huelemea upande wa alkali. Mtoto mchanga aliyelegea, haamki kunyonya, na damu yake ina alkali badala ya asidi, asiandikiwe maambukizi peke yake. Ya pili ni yurea iliyo chini kupita kiasi kwa mgonjwa aliye hoi. Kiwanda kimesimama, kwa hiyo bidhaa haitoki.

Hatua ya 2: Toa damu kwa adabu

Hapa ndipo kipimo hiki huharibika mara nyingi kuliko popote, na nitakaa kidogo. Sampuli yangu ya kwanza ya amonia niliiacha mezani karibu saa nzima nikijaza fomu. Ilirudi imepanda mno, tukababaika usiku kucha, na ya pili iliyochukuliwa vizuri ikaonyesha hali ya kawaida. Chembe nyekundu na vimeng'enya vilivyomo kwenye damu huendelea kutengeneza amonia ndani ya kichupa. Kila dakika ya kuzubaa ni namba ya uongo.

Tayarisha barafu iliyochanganywa na maji kabla hujamgusa mgonjwa. Pigia maabara simu, wajue sampuli inakuja na mashine iwe tayari. Tumia kichupa cha EDTA kilichopoozwa, au cha heparini ya lithiamu kama ndicho maabara yako inachotaka. Heparini ya amoniamu usiitumie kabisa, jina lake linajieleza. Damu itoke yenyewe bila kukamuliwa. Usifunge mkono kwa muda mrefu na usimwambie mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi, kwa kuwa msuli unaofanya kazi hutoa amonia. Mrija ulio kwenye mshipa wa ateri ndio mzuri kuliko vyote kama upo.

Jaza kichupa, kigeuze taratibu bila kukitikisa, kitumbukize kwenye barafu, kisha mtu akipeleke mkononi. Kiwe kimefika ndani ya dakika 15 na plazma itenganishwe upesi, isipite nusu saa. Chembe zikipasuka, tupa na uchukue upya. Andika saa uliyotoa damu kwenye lebo, na kama mgonjwa alitoka kutukutika muda mfupi uliopita liandike pia, maana mtukutiko wa mwili mzima huinua amonia kwa muda kisha ikashuka yenyewe.

Huku ukisubiri majibu, tuma pia gesi za damu, sukari, sodiamu, potasiamu, yurea, kreatinini, vipimo vya ini, kipimo cha kuganda kwa damu, kiwango cha parasetamoli, na valproeti ikiwa anaitumia. Kama ini linaonekana zima, chukua damu ya kupima amino asidi na mkojo wa kupima asidi ya oroti sasa hivi, kabla matibabu hayajabadilisha picha.

Hatua ya 3: Isome namba pamoja na mwendo wake

Kwanza angalia vizio. Maabara nyingi hutoa maikromoli kwa lita, nyingine maikrogramu kwa desilita; maikromoli 1 kwa lita ni sawa na maikrogramu 1.7 kwa desilita. Nimeona watu wakitofautiana kitandani kwa mgonjwa mmoja kwa sababu kila mmoja alikuwa anasoma kizio chake. Humu natumia maikromoli kwa lita.

Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida huwa chini ya 50 hivi, kulingana na maabara. Mtoto mchanga huwa juu kidogo, hata karibu na 100 akiwa mgonjwa wa jambo jingine. Kwa mwenye ini lililofeli ghafla, ikipita 100 uwezekano wa kupoteza fahamu unaongezeka. Ikipita 150 anza kuandaa mashine ya kusafisha damu. Ikipita 200 na ikabaki huko, ubongo uko karibu kuvimba, kama haujaanza. Walio hatarini zaidi ni vijana, wenye sodiamu ndogo, wenye maambukizi, wanaohitaji dawa za kupandisha presha, na wale waliotoka kwenye manjano hadi kuzimia ndani ya siku chache.

Rudia kipimo kila baada ya saa 4 hadi 6 katika siku ya kwanza. Inayopanda kutoka 90 hadi 140 ndani ya saa 6 inanitisha kuliko 160 iliyotulia tangu juzi. Kwa upande mwingine, kwa mwenye sirosisi sugu usitibu karatasi. Akiwa amechanganyikiwa na amonia yake ikarudi ya kawaida, tafuta sababu nyingine ya kuchanganyikiwa kwake. Ikirudi juu naye ana akili timamu, hakuna dharura.

Hatua ya 4: Linda ubongo kabla majibu hayajarudi

Hatua hii huanza pamoja na ile ya pili. Mkono mmoja unatoa damu, mwingine unainua kichwa cha kitanda.

Inua kichwa nyuzi 30, shingo iwe imenyooka, kidevu kikitazamana na kitovu. Kamba ya kufungia mrija wa hewa isiibane shingo, maana damu ya kichwani inarudi kupitia hapo. Punguza kelele na taa. Kumgeuza na kumvuta makohozi vifanywe pale tu inapolazimu, na kabla ya kuvuta aongezewe dawa ya usingizi.

Mgonjwa aliyefikia daraja la 3 la kuchanganyikiwa kwa West Haven, kipimo cha fahamu za wagonjwa wa ini (analala sana, anaamshwa kwa shida, maneno hayaeleweki) awekewe mrija wa hewa mapema, akiwa bado hajatapika na kujivuta matapishi. Usisubiri alama za Glasgow za kupima fahamu zifike 8 ndipo ukimbizane. Kumwekea mrija ni tendo linalopandisha shinikizo la kichwa, kwa hiyo afanye mwenye mkono mzoefu, na dawa ziwe za kutosha. Baada ya hapo propofoli (ya usingizi) pamoja na fentanili (ya maumivu) kidogo hufaa, mradi presha isishuke.

Kwenye mashine ya kupumulia, shikilia kabonidioksidi ya ateri kati ya 35 na 40 mmHg. Hapa pana mtego. Mgonjwa alikuwa anajipumulia haraka na kabonidioksidi yake ilikuwa 28. Ukimlaza na kuweka mashine ipumue mara 12 kwa dakika, itapanda ghafla, mishipa ya ubongo itatanuka, na atakufia mikononi akiwa "ametulia". Pima gesi za damu dakika 15 hadi 20 baada ya kumuunganisha, na upunguze kasi ya mashine taratibu.

Presha ya ubongo inayopeleka damu ni wastani wa presha ya ateri ukitoa shinikizo la ndani ya fuvu. Wastani wa presha ukiwa 75 na shinikizo la fuvu 25, ubongo unapata 50 tu, na hiyo ni ndogo. Lenga 60 hadi 70. Kama huna kipimo cha ndani ya fuvu, shikilia wastani wa presha ya ateri angalau 75 hadi 80, kwa maji ya dripu kwanza, kisha noradrenalini, dawa ya kupandisha presha.

Sukari ipimwe kila saa 1 hadi 2, kwani ini lililofeli huishiwa akiba na mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hawezi kuonyesha dalili. Homa ishushwe, joto libaki kati ya 36 na 37. Kumpooza mgonjwa sana hakujathibitika kuokoa maisha. Kutetemeka nako kuzuiwe. Potasiamu ikiwa chini irekebishwe mara moja: figo zenye upungufu wa potasiamu hutengeneza amonia zaidi, na damu yenye alkali huirahisishia kupenya kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe bikaboneti ovyo.

Halafu kuna sodiamu, ambayo kwangu ndiyo dawa ya bei nafuu iliyo bora. Ubongo uliovimba kwa glutamini ukikutana na damu yenye chumvi kidogo, unavuta maji maradufu. Kwa mwenye ini lililofeli ghafla lenga sodiamu ya milimoli 145 hadi 150 kwa lita, kwa salaini ya 3% (maji ya chumvi kali). Usimwekee kamwe dripu ya glukosi ya 5% peke yake. Hayo ni maji matupu kwa ubongo. Ila kama sodiamu ilikuwa chini kwa muda mrefu, kama kwa wengi wenye sirosisi, isipandishwe zaidi ya 8 hadi 10 kwa saa 24, isije ikaunguza shina la ubongo.

Hatua ya 5: Chunguza shinikizo kwa vifaa ulivyo navyo

Kifaa cha kupima ndani ya fuvu ndicho sahihi zaidi, lakini kwa mtu ambaye damu yake haigandi kina hatari ya kumwaga damu kichwani, na hata wataalamu hawajakubaliana. Wengi hukihifadhia mgonjwa anayesubiri kupandikizwa ini.

Usipokuwa nacho, macho yako ndiyo kifaa. Angalia mboni kila saa kwa tochi ile ile, uandike ukubwa kwa milimita na kasi ya kusinyaa. Angalia ukakamavu wa viungo: mikono inayojinyoosha na kujipinda ndani ni dalili mbaya. Alitrasaundi ya jicho husaidia. Ala ya neva ya jicho hupimwa milimita 3 nyuma ya tufe la jicho, na upana unaozidi milimita 5 hadi 6 huashiria shinikizo. Namba moja isikutishe. Mabadiliko kati ya asubuhi na jioni ndiyo yanayosema.

Presha ikipanda, mapigo yakapungua na pumzi ikavurugika kwa pamoja, umechelewa lakini hujashindwa. Nenda moja kwa moja hatua ya 8. CT ya kichwa ifanywe kutafuta damu, na kumbuka kwamba picha ya kawaida katika saa za mwanzo haikanushi uvimbe. Wala usimtoe mgonjwa asiyetulia wodini kwenda kupigwa picha ambayo haitabadilisha utakachofanya.

Mtukutiko unaweza kufichwa na dawa za usingizi. Kama kipimo cha umeme wa ubongo kipo, kitumie. Kwa matibabu levetirasetamu hufaa. Valproeti hapana, hata kidogo.

Hatua ya 6: Itoe amonia kwa mashine

Dayalisisi, yaani kusafisha damu, ndiyo njia ya uhakika, na hapa usisubiri figo zife. Amonia inayozidi 150 pamoja na fahamu kupungua, au inayopanda upesi licha ya matibabu, inatosha kuwa sababu.

Kwa mtu mzima mwenye ini lililofeli, chagua dayalisisi ya mfululizo inayokwenda mchana na usiku. Ile ya saa chache huondoa amonia haraka zaidi, lakini huangusha presha na kubadilisha ghafla wingi wa chembe zilizoyeyuka kwenye damu, maji yakakimbilia kwenye ubongo. Mashine ya mfululizo ikiwekwa kwa dozi ya kawaida ya mililita 20 hadi 25 kwa kilo kwa saa, kasi yake ni ndogo kwa kazi hii. Panda hadi 35 au zaidi. Kwa mgonjwa wa kilo 60 hiyo ni mililita 2,100 kwa saa, kwa hiyo mifuko ya maji ya kusafishia iandaliwe mapema. Nimeona mashine ikisimama saa 9 usiku kwa kukosa mfuko. Fosfeti na potasiamu zitatoka pamoja na amonia, zipimwe kila baada ya saa 6.

Kwa mtoto mchanga mwenye hitilafu ya mzunguko wa yurea na amonia inayozidi 500, mambo hugeuka. Kasi ndiyo inayotakiwa, na kituo chenye dayalisisi ya damu kipigiwe simu hata kabla dawa hazijaisha kwenye bomba. Dayalisisi ya tumboni ni ya polepole, lakini kama ndiyo pekee iliyopo, ianze.

Ukisimamisha mashine, amonia hurudi, kwa sababu ile iliyojificha kwenye tishu hurejea kwenye damu. Pima saa 2 baada ya kusimamisha, kisha saa 6.

Hatua ya 7: Zima chanzo

Kuitoa amonia bila kuziba inakotoka ni kuteka maji kwa pakacha. Chanzo hutofautiana, na dawa inayomfaa mmoja haimfai mwingine.

Kwa parasetamoli, toa asetilisisteini kwa mshipa: miligramu 150 kwa kilo kwa saa 1, halafu 50 kwa kilo kwa saa 4, halafu 100 kwa kilo kwa saa 16. Ini lililofeli ghafla kwa sababu nyingine nalo hunufaika, hasa mgonjwa akiwa bado katika daraja la 1 au la 2. Kituo cha upandikizaji kipigiwe simu siku ya kwanza, mgonjwa akiwa bado anaweza kusafiri.

Kwa valproeti, simamisha dawa na toa karnitini: miligramu 100 kwa kilo kwa mshipa, isizidi gramu 6, kisha miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 4.

Kwa hitilafu ya mzunguko wa yurea kuna sodiamu benzoeti na sodiamu fenilaseteti, zinazofunga nitrojeni na kuitoa kwa mkojo bila kupitia yurea. Mtoto wa kilo 20 au chini hupewa miligramu 250 kwa kilo ya kila moja ndani ya dakika 90 hadi 120, kisha kiasi hicho hicho kikigawanywa kwa saa 24. Mtu mzima hupewa gramu 5.5 kwa mita ya mraba ya mwili. Zipitie mshipa mkubwa wa kati. Ajinini, ambayo ni amino asidi, huongezwa kulingana na kimeng'enya kilichopungua, na mtaalamu ndiye anayepanga. Dawa hizi zina sodiamu nyingi na hupunguza potasiamu.

Kwa bakteria wanaovunja yurea, mwite mtaalamu wa maambukizi na utaje Ureaplasma kwa jina. Dawa za jamii ya penisilini haziigusi, kwa kuwa haina ukuta wa seli.

Kwa sirosisi, tafuta kilichomwangusha: damu tumboni, maambukizi ya maji ya tumbo, choo kigumu, upungufu wa maji, dawa za usingizi. Laktulosi mililita 25 kila saa 1 hadi 2 mpaka apate choo, kisha ipunguzwe apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Asiyeweza kumeza apewe kwa njia ya haja kubwa, mililita 300 kwenye maji mililita 700. Kumharisha mara kumi si ushindi. Anakauka, sodiamu inavurugika, fahamu zinazidi kupotea. Rifaksimini miligramu 550 mara mbili kwa siku huongezwa kuzuia hali isijirudie. Kwa ini lililofeli ghafla sina imani kubwa na laktulosi. Hujaza tumbo gesi na kumpa taabu daktari wa upasuaji, na faida yake hapo haijaonekana wazi.

Chakula kina kosa lake la kihistoria, nalo ni kumnyima mgonjwa protini kwa wiki nzima. Mwili ukikosa nguvu hula misuli yake, na misuli ikiliwa amonia hupanda, tena msuli ndio msaidizi wa ini katika kuifunga. Mwenye sirosisi asinyimwe kabisa: gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku. Mwenye hitilafu ya mzunguko wa yurea asimamishiwe protini kwa saa 24 hadi 48 tu, huku akipewa glukosi ya 10% yenye sodiamu ndani yake pamoja na mafuta ya mshipani, halafu protini irudishwe kidogo kidogo. Steroidi hazipunguzi uvimbe wa aina hii na huchochea misuli kuvunjika.

Hatua ya 8: Mboni zikitofautiana

Dakika 5 zijazo ndizo zinazoamua. Hakikisha kichwa kiko juu na shingo imenyooka. Ongeza dawa ya usingizi. Toa manitoli ya 20%, dawa inayovuta maji kutoka kwenye ubongo, gramu 0.5 hadi 1 kwa kilo ndani ya dakika 15 hadi 20. Kwa mgonjwa wa kilo 70 gramu 0.5 kwa kilo ni gramu 35, yaani mililita 175. Chupa iliyokaa mahali pa baridi hufanya chengachenga. Ipashe moto mpaka ziyeyuke na utumie kichujio. Kama figo hazitoi mkojo na hakuna mashine, manitoli itabaki mwilini na kumjaza maji, kwa hiyo salaini ya 3% mililita 250 ni chaguo bora. Manitoli inaweza kurudiwa ikiwa osmolaliti ya damu (wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani yake) haijafika 320.

Huku dawa zikiingia, ongeza kasi ya mashine ya kupumulia mpaka kabonidioksidi ifike 30 hadi 35 kwa dakika chache tu. Kuiacha huko saa nzima kunabana mishipa na kuunyima ubongo damu. Shinikizo likigoma, kuna thayopentali, dawa kali ya usingizi, na kuna indometasini ya mshipani kama jaribio la mwisho, vyote mikononi mwa mtaalamu.

Usitamke kwamba ubongo umekufa wakati amonia bado iko juu na dawa za usingizi bado ziko kwenye damu. Amonia pekee inaweza kumnyamazisha mtu kiasi kwamba hata mboni hazijibu, na baadhi yao huamka.

Hatua ya 9: Saa 48 zinazofuata

Amonia ikishuka chini ya 100 na ikabaki huko kwa saa 24, punguza mashine hatua kwa hatua, kisha dawa za usingizi, kisha lengo la sodiamu, kimoja kwa wakati. Ukivipunguza vyote asubuhi moja na mboni zikabadilika mchana, hutajua kilichosababisha. Fahamu huchelewa kurudi kuliko namba, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Ndugu waambiwe hivyo mapema, wasije wakadhani mmekata tamaa.

Kwenye karatasi ya kukabidhiana zamu andika amonia tatu za mwisho pamoja na saa zake, sodiamu inayolengwa, ukubwa wa mboni zote mbili, na kilichopangwa zikitofautiana, kikiwa na dozi iliyokwisha kukokotolewa kwa uzito wa mgonjwa huyo.

Kama chanzo kilikuwa hitilafu ya kurithi, mama, dada na watoto wa mgonjwa wapimwe kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Apewe karatasi ya kubeba popote aendapo, yenye jina la ugonjwa wake, onyo la kutopewa valproeti wala steroidi bila ushauri wa mtaalamu, na maelezo kwamba akitapika siku nzima au akianza kulala mchana aanzishiwe dripu ya glukosi ya 10% yenye sodiamu na kupimwa amonia siku hiyo hiyo.